Maswali ya wasomaji: Columbo sebuleni, na yanayoumiza ndani yake

Barua nyingi za safari hii zinamuhusu Luteni Columbo wa polisi ya Los Angeles, yule bwana wa koti lililokunjamana aliyechezwa na Peter Falk. Visa vyake ni 69: 45 vilioneshwa na NBC ya Marekani kati ya 1968 na 1978, na 24 vilioneshwa na ABC kati ya 1989 na 2003. Hapa kwetu wengi wanaviangalia kwa flashi. Hakuna aliyetuuliza muuaji ni nani, maana kwa Columbo hilo si siri. Wameuliza ni kipi humo kinachoweza kumuumiza mtu aliyekaa sebuleni. Majibu yanataja mauaji na kujiua, na yanafichua mambo ya visa kadhaa, kwa hiyo msomaji atangulie akijua.

Assalaam alaykum. Mdogo wangu kaniletea flashi yenye Columbo yote. Nilishaambiwa ni safi, hamna damu. Tukaweka cha mwanzo usiku, mwanangu wa miaka minane hakulala. Nina wa miaka 12 na msichana wa 15 pia. Niwakataze wote au kuna namna? (Mama, Mkoani)

Waalaykum salaam mama. Usiwakataze wote. Waliokwambia hamna damu hawakukudanganya: damu ni haba kweli, na Columbo mwenyewe hapendi bastola na hujitahidi asiitazame maiti. Lakini mtoto wa miaka minane haangalii wingi wa damu. Kama flashi imepangwa kwa tarehe, mlichokiona ni "Prescription: Murder" ya 1968, ambapo daktari anamnyonga mkewe nyumbani kwao. Mtoto hapo ameona baba wa nyumba anamuua mama wa nyumba.

Visa hivi vinakwenda kinyume na upelelezi tuliouzoea. Tunamuona muuaji tangu mwanzo akipanga, akiua na kufuta alama zake, na Columbo anaingia baadaye, mara nyingi robo ya kisa imeshapita. Maana yake ni kwamba jambo zito limewekwa mbele, wakati watoto wote wako macho na hakuna aliyewaandaa. Kwa upande wa mzazi hiyo ni nafuu kubwa, kwa sababu mahali pa kutafuta panajulikana.

Siku moja kabla, kaa peke yako na dakika 30 za mwanzo. Andika kwenye karatasi dakika kifo kinapoanza, dakika kinapomalizika, anayeuawa ni nani kwa muuaji (mke, mpwa, mshirika wa kazi), na kinachosikika. Sauti usiidharau. Katika "Murder by the Book" ya 1971, iliyoongozwa na Steven Spielberg alipokuwa bado kijana, mauaji ya kwanza hatuyaoni: mke yuko kwenye simu na mumewe, anasikia mlio wa risasi. Mtoto aliyefunikwa macho kwa mkono wa mama ameyapata yote. Ukiamua kuruka, ruka picha na sauti pamoja.

Kisha peleka mbele hadi nusu ya pili, utafute kifo cha pili. Hapa ndipo wazazi wengi wanapopitiwa: wamevuka mwanzo salama, wamekwenda jikoni, na huko nyuma mtu anauawa tena. Dalili yake mara nyingi ni hii. Mtu wa pembeni aliyeona jambo anamwendea muuaji faragha na kumdai pesa. Ukimuona huyo, shika rimoti. Katika "Murder by the Book" ni mwanamke mwenye duka, mpweke, mwenye kumpenda muuaji kwa dhati. Anamkaribisha chakula cha usiku, anapigwa chupa, kisha maiti yake inapelekwa ziwani kwa mashua. Huyu anaumiza kuliko yule wa mwanzo, kwa sababu tumeshakaa naye na tumemzoea. "A Stitch in Crime" (1973), "Double Exposure" (1973), "Publish or Perish" (1974) na "Negative Reaction" (1974) nazo zina kifo cha pili, ingawa si zote zina mdai pesa.

Dakika utakazoandika ni za nakala yako tu. Visa hivi vilipigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Diski zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya huchezeshwa kwa picha 25, na kila kitu kinawahi kwa asilimia 4: jambo la dakika ya 20 linatokea dakika ya 19 na sekunde 12. Ndiyo maana mtu aliyepewa orodha ya dakika na jirani anabonyeza kuruka na kuangukia katikati ya tukio lenyewe. Pima upya kwa flashi yako.

Na kama ni nakala ya kutafsiriwa, yenye mtu anayesimulia juu ya picha, isikilize yote kabla. Msimuliaji hunyanyua sauti penye kifo na mara nyingine hutia matusi ambayo kwenye kisa hayamo. Kwa nyumba yenye watoto, nakala ya asili yenye maandishi chini ni bora.

Huyo wa miaka minane msimuwekee usiku. Mchana anaweza kuanza pale Columbo anapoingia. Hatopotea, kwa sababu Columbo hurudia kila jambo kwa maswali yake mpaka aliyechelewa naye anaelewa, na kisa kinageuka kuwa kitendawili cha kawaida cha kumtafuta aliyefanya. Wa miaka 12 anaweza kuanza na "By Dawn's Early Light" (1974), kisa cha skuli ya kijeshi ambapo kifo ni mripuko wa mzinga, si mtu kumshika mtu. Msichana wa miaka 15 anaweza kuona vingi vya miaka ya 1970, lakini viwili kaa naye. Katika "Negative Reaction" mume anamfunga mkewe kwenye kiti, anampiga picha, kisha anampiga risasi, na hofu ya yule mama inachukua muda. Cha pili ni "Swan Song" (1974), cha mwimbaji aliyechezwa na Johnny Cash. Watu hukiogopea ile ndege ndogo inayoanguka. Sisi tunaona uzito uko kwengine: mwimbaji alilala na msichana wa kwaya yake alipokuwa na miaka 16, na mkewe anaitumia siri hiyo kumbana ili pesa zote ziende kwenye ujenzi wa hekalu la ibada. Msichana mwenyewe anauawa mapema, na hakuna anayemsemea. Msemeeni nyinyi mkiwa pamoja. Binti yako akionesha kuwa ana la kwake la kusema, msikilize mpaka mwisho. Namba 116 ya simu kwa mtoto ni bure na anaweza kuipiga mwenyewe.

Kaka yangu alijitoa uhai. Mimi na mama tunapenda upelelezi wa zamani, ila sitaki tukutane na jambo hilo ghafla. Vipi tuviepuke? (Msomaji, Jang'ombe)

Pole sana, wewe na mama.

Tunavyovikumbuka vinavyogusa jambo hili ni vinne, na huenda vipo vingine. Humo anayeonekana kujiua hakujiua kweli. Hilo halipunguzi makali ya picha. Katika "Etude in Black" (1972) mpiga piano kijana anapigwa na kulazwa karibu na jiko lililofunguliwa gesi, na barua ya kuaga imeshachapwa. Ndege wake wa kufuga anakufa kwa gesi hiyo hiyo. Katika "Forgotten Lady" (1975) mume anapigwa risasi kitandani na kisa kizima kinazungumzia kama alijiua au la, kwa hiyo kuruka dakika chache hakusaidii. Kiacheni chote. Kina na jingine: muuaji ana maradhi ya ubongo yasiyo na tiba na anapoteza kumbukumbu. Mwenye mzazi anayesahau watoto wake atakiona kizito mno.

"A Deadly State of Mind" (1975) ndicho tunachokionea hofu zaidi kwa nyumba yenu, kwa sababu jina lake halitoi fununu. Daktari wa akili anamtia mwanamke usingizi wa kuongozwa kwa maneno, na kwa maagizo yake mwanamke anaruka kutoka roshani akidhani anajitupa kwenye bwawa la kuogelea. Kinatokea baada ya kifo cha kwanza, wakati mtu ameshajilegeza. Na "Prescription: Murder" karibu na mwisho ina maiti ya msichana inayotolewa bwawani, inayosemwa kajiua. Ni mtego wa Columbo, msichana yu hai, lakini mtazamaji hajui mpaka dakika kadhaa zipite.

Mukivitoa hivyo vinne, mnabaki na vingi vya kuangalia pamoja. Vipekue hivyo vilivyobaki, kisha mwambie mama mapema kwamba umeshavipekua. Kukaa roho juu kungojea jambo nako kunachosha.

Baba anasubiri tarehe ya kufanyiwa operesheni ya moyo Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Jakaya Kikwete. Ndugu yangu anataka kumuwekea kile kisa cha daktari wa moyo, eti apate kuizoea hospitali. (Mtoto wake, Kiembesamaki)

Asimuwekee. "A Stitch in Crime", ambamo daktari anachezwa na Leonard Nimoy, ni katika visa bora kabisa vya Columbo, na ni kibaya kwa mgonjwa wa moyo aliye njiani. Daktari mpasuaji anamtengeneza mwenzake valvu ya moyo na kwa makusudi anatumia uzi unaoyeyuka mwilini, ili siku chache baadaye mshono uachie na kifo kionekane cha kawaida. Muuguzi anayeushuku uzi anauawa kwenye maegesho ya magari.

Kama baba ameshakiona, mwambieni haya. Valvu hushonwa kwa nyuzi zisizoyeyuka, nyingi zikiwa za poliesta, na hubaki mwilini maisha yote. Uzi unatoka kwenye pakiti iliyoandikwa aina yake, unafunguliwa na muuguzi na kupokewa na mwengine mbele ya timu nzima. Kisa kinasimama juu ya daktari mmoja asiyeangaliwa na mtu. Baba ana haki ya kumuuliza daktari wake atatumia nini, na hilo ni swali la kawaida kwao. Akirudi amepona, kiwekeni, mumuone Columbo akipiga birika la maji juu ya meza ya daktari. Ni nadra Columbo kukasirika kweli, na pale amekasirika.

Mwanangu ameona Columbo ya samaki wa sumu wa Kijapani. Sasa anasema bunju akipasuliwa vizuri analiwa. Yeye huenda na ami yake baharini. Nifanye nini? (Mama, Tumbe)

Mama, hili ni la haraka kuliko barua zote za leo.

Kisa ni "Murder Under Glass" (1978). Samaki wake ni wa ukoo wa bunju, na ni kweli kuwa Japani analiwa. Anaandaliwa na wapishi waliosoma na kupewa leseni kwa kazi hiyo tu, wanaojua kila aina na kila kiungo. Kisa hakioneshi hilo kwa kina, kinaonesha kisu kinavyokwenda mbio na watu wanakula. Ndiyo maana mtoto anatoka na somo la kombo.

Mwambie hivi. Sumu ya bunju iko zaidi kwenye ini na mayai, na kwa aina nyingi iko kwenye utumbo na ngozi pia. Haitoki kwa kuchemsha, kukaanga, kukausha, chumvi wala ndimu. Haina rangi wala harufu ya kumjulisha mpishi. Aliyekula huanza kuhisi ganzi midomoni na ulimini, pengine ndani ya nusu saa, pengine baada ya saa kadhaa. Kisha vidole vinakufa ganzi, anatapika, anashindwa kutembea, na mwisho misuli ya kupumulia inasimama huku akili yake iko timamu. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu. Kinachookoa ni kusaidiwa kupumua mpaka mwili uitoe wenyewe, kwa hiyo asisubiriwe apate nafuu nyumbani: hospitali mara tu midomo inapoanza ganzi, na mwenye kumpeleka aseme wazi "kala bunju". Akilegea njiani alazwe ubavu, asipewe maziwa wala kitu chochote cha kunywa, kwa sababu koo nalo linapooza. Akiacha kupumua apuliziwe mdomo kwa mdomo bila kukatiza mpaka mfike.

Na mwambie pia kwamba katika kisa chenyewe aliyekufa hakuuliwa na samaki wa kwenye sahani. Sumu ilitiwa kwenye mvinyo kwa kifungulio cha chupa chenye sindano. Watoto wengi hawalishiki hilo.

Mama yetu hawezi kuona mtu akizama tangu ajali ya MV Spice Islander, Septemba 2011. Vipi visa vyenye maji? (Ndugu wawili, Wete)

Mungu awarehemu waliokwenda. Mbali na "Prescription: Murder" na "Murder by the Book" tulizozieleza juu, muepusheni na "The Most Crucial Game" (1972), ambamo mtu anapigwa kwa bonge la barafu akiwa bwawani na kuzama, na "Any Old Port in a Storm" (1973), ambamo maiti inavishwa nguo za kupiga mbizi na kutupwa baharini. Hicho cha mwisho pia ni cha mvinyo mwanzo hadi mwisho, kwa nyumba zisizopenda kuuona mezani.

"Troubled Waters" (1975) kina jina la kutisha na kiko ndani ya meli muda wote. Meli haizami na mauaji ni ya bastola. Ila ngazi, vyumba na king'ora cha meli vimo, na nyinyi ndio mnaojua kama hivyo peke yake vinamrudisha mama kule.

Sisi asili yetu Oman. Kile kisa cha ubalozi wa Kiarabu kimeniudhi, na mume wangu anasema nimezidisha. (Bibi, Malindi)

Hujazidisha. "A Case of Immunity" (1975) ni cha nchi ya kubuni inayoitwa Suari. Wakubwa wake wawili wanachezwa na Hector Elizondo na Sal Mineo, ambao wote si Waarabu. Nguo, lafudhi na adabu zimekusanywa huku na huku, na Columbo anafanywa kichekesho kwa kubabaika na taratibu zao. Zaidi ya hayo, mwisho unasimama juu ya hofu ya adhabu za kwao: muuaji anaiacha kinga yake ya kidiplomasia na kuchagua kuhukumiwa Marekani.

Upande wa pili upo, na mumeo huenda anauona huo. Mfalme kijana anaoneshwa kuwa mtu mwema mwenye akili ya kisasa, na muuaji anajaribu kuwatupia lawama wanafunzi wa nchi hiyo wanaopinga serikali, jambo ambalo kisa hakikubaliani nalo. Mkikiangalia na wajukuu, simamisheni penye karamu muwaulize wanachokiona kuwa si cha kwao. Wajukuu wa Malindi watajibu haraka.

Ninaongoza klabu ya Kiingereza, kidato cha tatu. Nina vipindi viwili vilivyofuatana, dakika 80. Nioneshe kipi? (Mwalimu, Chake Chake)

"Double Exposure", Maalim. Kinaingia ndani ya muda wako na dakika chache zinabaki, na mada yake inafaa darasa: mtaalamu wa matangazo anachomeka picha za kinywaji baridi ndani ya filamu, kwa kipande kifupi ambacho jicho halikitambui, baada ya kumlisha mtu mayai ya samaki yenye chumvi kali. Mtu anatoka kutafuta maji, anapigwa risasi. Hakuna mateso. Kifo cha pili ni cha fundi wa kuonesha filamu, nacho ni kifupi.

Waambie wanafunzi kabla ya kuwasha kwamba watu wawili wanapigwa risasi, na kwamba anayetaka kutoka atoke bila kuulizwa. Ukitoa onyo hilo katikati, wote watageuka kumtazama anayenyanyuka. Sigara ya Columbo itaulizwa: iko karibu kila kisa na haiwezi kurukwa. Ukitaka kuonesha ukumbini kwa watu wa nje, ulizia kwanza kibali kwa baraza la sensa ya filamu. Na baada ya hapo wape Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, wamsome na kiko chake na upelelezi wake kwa Kiswahili, halafu wabishane nani anauliza maswali mazuri zaidi.

Mtoto wangu aliumwa na mbwa. (Baba, Bububu)

Kiacheni "How to Dial a Murder" (1978). Mbwa wawili aina ya Doberman wamefundishwa kumshambulia mtu kwa mlio wa simu na neno moja. Mbwa mnene wa Columbo mwenyewe, anayelala tu, hana tabu.

Vile vya ABC, vya kuanzia 1989, ni vikali zaidi? (Msomaji, Paje)

Ndiyo. Kamera inakaribia zaidi na mambo ya kitandani yanasemwa wazi. Cha kwanza kabisa cha awamu hiyo, "Columbo Goes to the Guillotine", kifo chake ni cha kukatwa kichwa kwenye mashine ya mazingaombwe. "Sex and the Married Detective" cha mwaka huo huo mada yake ndiyo hiyo ya jina. "No Time to Die" (1992) hakina mauaji ya kawaida ya Columbo: bibi harusi anatekwa usiku wa harusi yake na mtekaji ana nia mbaya naye, na tishio hilo linakwenda hadi mwisho bila pa kupumzikia. Hicho hakina dakika za kuruka. Kama flashi ni ya nyumba nzima, vya 1989 na kuendelea viwekeni kwenye folda yao peke yake, yenye jina ambalo watoto hawalifungui.